Heri kwa Fundi Koleo

Siku mdogo wangu aliponiambia kwamba anamtakia heri Fundi Koleo, nilikuwa nakoroga maharage, na mwiko nikautupa. Haukumpata mtu. Uligonga ukuta ukaangukia nyuma ya jiko, na maharage yakaungua kwa sababu mwiko ni huo huo mmoja.

"Rudia," nikamwambia.

"Nimesema namtakia heri, dada. Kila asubuhi. Dakika chache tu."

Alikuwa amekaa kitandani, ameulaza mkono wake wa kulia juu ya taulo, anavikunja na kuvikunjua vidole kama alivyoelekezwa hospitali. Vidole vyenyewe vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, na aliyeondoa chuma cha kinga kwenye mashine ile ni huyo huyo Koleo. Halafu kitindamimba wa mama yangu anakaa ananiambia anamtakia heri! Nikamuuliza kama dawa za maumivu zimeanza kumpanda kichwani. Akacheka. Mimi sikucheka.

Hebu niseme kwanza nani ni nani, maana nikikasirika huwa naruka mambo.

Tulikuwa tunafanya kazi kiwanda cha kufulia, yeye na mimi. Tunafua mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, mapazia, makoti ya madaktari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa pale, msimamizi wa zamu ya asubuhi. Wenzangu waliniita Mama Mvuke, na si kwa sababu ya mashine. Mdogo wangu nilimwingiza mimi mwenyewe. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, mimi ishirini na miwili, kwa hiyo nimemlea: nimemsuka, nimempeleka shule, nimemchapa siku moja na kulia mimi. Kiwandani akaja kunipita. Yupo mtu ana mkono wa kupika. Yeye alikuwa na mkono wa mashuka. Analishika kwa pembe, analitikisa mara moja, linaingia kwenye rola limenyooka, linatoka halina hata kunyanzi moja. Wageni wakitembelea kiwanda, meneja alikuwa anawasimamisha pale wamwangalie.

Mashine yenyewe ni rola mbili ndefu zenye moto. Mbele yake kuna chuma chembamba, na kidole kikikigusa tu mashine inasimama. Hiyo ndiyo kinga yote tuliyonayo. Sasa kile chuma kikaanza ukorofi: kinasimamisha mashine bila kuguswa na mtu, mara kumi kwa saa, na mashuka ya hospitali yamerundikana mpaka dirishani. Koleo, fundi wetu wa mitambo, akaitwa. Akakifungua, akaondoka nacho kwapani. "Kesho kutwa nakirudisha," akasema. Kesho kutwa ya Koleo! Siku ya tisa, Alhamisi, saa nne asubuhi, pembe ya shuka ilijiviringisha kwenye mkono wa mdogo wangu, na hapakuwa na kitu cha kuisimamisha mashine. Nilikuwa hatua sita kutoka pale. Sitasimulia zaidi ya hapo.

Baada ya wiki tatu meneja akatuita ofisini. Pole nyingi, chai, viti vyenye mito. Huyo mtu anajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipomaliza pole zake akasema kwamba Fundi Koleo ameeleza alikirudisha chuma Jumanne, na karatasi za ukaguzi zinaonyesha Alhamisi asubuhi kilikuwepo. Kwa hiyo aliyekitoa ni aliyekuwa kwenye mashine. Kikao cha nidhamu kitakaa baada ya mwezi mmoja. Ikithibitika amekitoa mwenyewe, anaachishwa kazi kwa kosa lake. Na nani angemchukua mpiga pasi mwenye vidole vinane na barua kama hiyo?

Tulipotoka nje akaniuliza, "Dada, karatasi gani hizo?"

"Za uongo," nikamwambia. "Koleo na meneja lao moja."

Tangu siku hiyo nikawa namtukana Koleo kuanzia ninapovua viatu mpaka ninapolala. Namfunga mdogo wangu vifungo vya blauzi, namtukana Koleo. Namkatia nyama, namtukana Koleo. Ukoo wake wote niliupitia, na waliokufa niliwafufua niwatukane upya.

Hayo ya kumtakia heri aliyapata hospitali. Mwanamke anayemfanyisha mazoezi ya mkono, mtu mnene mwenye mikono ya mwashi, ni mfuasi wa Buddha tangu ujana wake, na kila Jumamosi saa tisa anafundisha kutafakari katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Mdogo wangu akaenda mara moja, akaenda mara ya pili, ya tatu akanivuta na mimi.

"Mimi nina dini yangu," nilimwambia Mwalimu mlangoni, hata kabla ya salamu. "Sikuja kubadilishwa."

"Vizuri," akasema. "Na mimi sikuja kukubadilisha. Viatu weka pale."

Palikuwa na viti, mikeka, kengele ndogo, na sanamu ya Buddha kwenye rafu, haizidi chupa ya maji. Watu kumi na wawili hivi. Mwalimu akaeleza kwa ajili yangu. Unakaa, unatulia, unafuata pumzi yako. Kisha unasema moyoni: niwe salama, niwe na afya, niwe na amani. Unaanza na wewe mwenyewe. Ukishajitakia hayo, unamtakia mtu aliyekutendea wema. Kisha mtu ambaye humpendi wala humchukii, labda yule anayekuuzia mkate. Halafu ndiyo unamleta yule mgumu, aliyekuumiza. Mwisho viumbe vyote.

"Vyote?" nikauliza. "Hata mende?"

"Hata mende."

"Basi mende kwanza, Koleo baadaye."

Watu wakacheka, na Mwalimu naye akacheka. Kengele ikalia, tukafumba macho. Sasa mimi nimelelewa kwamba anayepakua hula mwisho. Kuanza kujitakia heri mwenyewe niliona ni ulafi. Nikajiruka. Aliyenitendea wema ni marehemu mama, naye yuko mahali pazuri, nikamruka. Muuza mkate nikamsalimia tu. Nikaenda moja kwa moja kwa Koleo. Uwe salama, nikasema moyoni, uwe salama ewe mla vidole, uwe na afya ili nikupate mzima mzima. Nilipofumbua macho meno yalikuwa yananiuma kwa kuyasaga. Mdogo wangu ameketi pembeni yangu, uso umelegea, mkono juu ya paja. Nikamchukia kidogo, nasema kweli.

Njiani nikamlipukia. "Unamsamehe mtu ambaye hata pole hajakupa! Watu kama wewe ndio wanaokanyagwa!"

"Sijasema nimemsamehe," akanijibu. "Nikimfikiria kwa chuki, dada, mkono unauma usiku kucha. Nikimtakia apunguziwe maumivu yake, na mimi napumua. Na ana maumivu. Mtu asiye na maumivu hadanganyi vile."

"Hasira hasara, sivyo?"

"Hata sijasema hivyo. Kasirika. Mimi pia nakasirika."

Sikumwamini. Nilifikiri amelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Wiki ile ile meneja akafikiri hivyo hivyo. Habari ya Jumamosi zetu ilimfikia, akamwita ofisini, nami nikaingia nyuma yake bila kuitwa.

"Nimesikia unafanya mazoezi ya huruma," akasema, meno yote nje. "Safi sana. Mtu mwenye moyo kama wako hahitaji vikao. Andika tu kwamba ulijisahau, ukakitoa chuma, tuyamalize kifamilia. Nitakutafutia barua nzuri ya kuondokea."

Karatasi ilishaandikwa. Ilibaki sahihi tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na nilichotaka kusema kisingefaa mbele ya watoto, mdogo wangu akanigusa goti.

"Fundi Koleo namtakia heri kila siku, meneja," akasema polepole. "Na wewe kesho nitakuongeza. Lakini mimi sikukitoa kile chuma, na siandiki kwamba nimekitoa."

Akaisukuma karatasi kwa mkono ule ule wenye vidole vitatu. Lo! Meneja alikosa pa kuweka macho. Na mimi, badala ya kufurahi, nikaogopa. Nikajua huyu mtoto hatalegea, ataingia kwenye kikao akiwa na ukweli mtupu na hana kitu kingine, na zile karatasi zitammaliza.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alinisimamia. "Wewe unajiruka," akaniambia. Sijui alijuaje, labda uso wangu unasema kila kitu. "Leo usiende kwa mtu yeyote. Kaa na wewe mwenyewe tu. Nusu saa."

Nikakaa. Niwe salama, nikasema. Nikameza mate, nikaanza tena. Niwe... na nikaiona Jumatatu.

Nimesema nikikasirika huwa naruka mambo. Basi kuna jambo nimeliruka. Karatasi ya ukaguzi wa mashine inajazwa na msimamizi wa zamu, kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa: mikanda ipo, waya mzima, chuma cha kinga kipo. Alama, alama, alama, sahihi. Lakini kila asubuhi ni mashuka mia nne yanasubiri, kwa hiyo mimi nilikuwa najaza Jumatatu wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Jumatatu mpaka Jumamosi, sahihi sita, kalamu moja, nikinywa chai. Wasimamizi wote tulifanya hivyo na hakuna aliyeona ni kosa. Jumatatu ya wiki ya ajali ilikuwa siku ya sita chuma hakipo, nimeona kwa macho yangu kwamba hakipo, na mkono wangu ukaandika kipo. Kipo Jumatatu, kipo Jumanne, kipo Alhamisi. Karatasi nilizoziita za uongo zilikuwa za uongo kweli, ila mwandishi ni mimi.

Nikainuka katikati ya ukimya wao, nikabamiza mlango, nikashuka ngazi huku viatu nimevishika mkononi. Nilitaka mtu wa kumtukana, na mtu huyo nilijua alipo. Jumamosi jioni Koleo huwa karakana.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya pampu, uso umekonda, ndevu hajanyoa. Nikamwaga yote. Nikamwita muuaji, nikamwita mwongo, nikapiga teke ndoo ya misumari ikasambaa sakafu nzima. Aliniacha mpaka pumzi ikaniishia.

"Umemaliza?" akauliza.

"Sijamaliza!"

"Nyani haoni kundule, Mama Mvuke. Mimi nimedanganya kwa mdomo, kwa sababu niliogopa, nina mama mgonjwa na sina pa kwenda. Siku nikimwona mdogo wako najificha stoo. Lakini meneja hakuhitaji mdomo wangu. Alikuwa na mkono wako." Akaanza kuokota misumari, mmoja mmoja. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ni wewe. Nikasubiri useme wewe, na mimi ndiyo nipate nguvu ya kusema."

Nilitaka kumpiga. Mkono niliunyanyua kabisa. Hakukwepa, na mtu asiyekwepa hapigiki. Nikarudi nyumbani nikamkatia mdogo wangu nyama, nikamfunga vifungo, na wala sikumtukana mtu. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Kwa nini sikumwambia usiku ule? Nimejiuliza sana. Nilikuwa na siku tisa mpaka kikao, na kila siku nikasema kesho. Niliogopa kazi yangu, ndiyo, lakini si sana. Niliogopa uso wake. Huyu ni mtoto ambaye tangu ana miaka tisa akisikia kelele anajificha nyuma yangu.

Jumatatu ya kikao ikafika. Meza ndefu, watu watano, maji ya chupa, na sisi mashahidi tumepangwa kwenye viti vya nyuma. Meneja akaisoma karatasi kwa sauti, Alhamisi, chuma cha kinga kipo, na sahihi ya msimamizi. Hakulitaja jina langu. Aliniangalia tu, kama mtu anayekukumbusha deni la fadhila. Mdogo wangu akainua mkono. "Naomba niione hiyo sahihi," akasema.

Nikasimama kabla hajapewa.

"Ni yangu," nikasema. "Niliiweka Jumatatu. Niliweka za wiki nzima. Alhamisi mashine ile haikukaguliwa na mtu yeyote. Chuma hakikuwepo kwa siku tisa, na mimi niliona siku zote tisa kwamba hakipo."

"Mama, unajua unachokisema?" meneja akauliza.

"Najua. Andika."

Nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu. Alikuwa Koleo, amesimama, kofia mkononi. "Ni kweli," akasema. "Sikukirudisha. Hata leo kipo kwenye kabati langu."

Basi ikaisha hivyo. Mdogo wangu alisafishwa jina, akabaki kazini, wakampa meza ya kupokea nguo za wateja. Mimi niliachishwa siku ile ile, kabla ya saa sita. Koleo akapewa onyo, kwa sababu mafundi wa mashine zile ni wa kutafuta kwa tochi, na mpaka leo yupo pale anazunguka na bisibisi yake. Hilo linanichoma, sitasema uongo. Linanichoma kila nikipita karibu na lile geti.

Njia nzima mdogo wangu alitembea mbele yangu. Tulipofika nyumbani, akafunga mlango, akageuka. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Nilikuuliza!" akapiga kelele. "Nilikuuliza karatasi gani hizo, ukanitazama machoni ukaniambia za uongo! Wiki saba unanifunga vifungo! Unanilisha na kumtukana mwenzio mbele yangu, na kalamu ilikuwa yako!"

"Mdogo wangu, nisikilize..."

"Vidole ningekusamehe, dada. Kila mtu alijaza Jumatatu, najua. Lakini ungeniacha niende kule ndani kama mbuzi. Ungesubiri mpaka lini?"

Nikasema nilisimama, si nilisimama? Akasema nilisimama alipoomba kuiona sahihi, kwa sababu sahihi yangu anaijua tangu shule ya msingi, ndiyo niliyokuwa namwekea kwenye ripoti zake. Akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kusukumia nguo ndani kwa mkono wa kushoto. Zipu ikamshinda. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Usiniguse!"

Akaenda kwa shangazi na begi wazi.

Jumamosi nikapanda zile ngazi. Sikuwa na kazi, sikuwa na mdogo, na nyumbani hapakuwa na hata mtu wa kumgombeza. Yeye alikuwepo tayari, kiti cha dirishani. Hakunitazama. Nikakaa karibu na sanamu. Kengele ikalia. Mwalimu akasema tuanze na nafsi zetu, na safari hii sikujiruka. Niwe salama. Lilitoka kwa vipande, na nilijichukia katikati ya kila kipande, lakini lilitoka. Tukapita kwa waliotutendea wema, tukapita kwa wauza mikate. Kisha Mwalimu akasema, "Sasa mlete yule mgumu."

Huwa tunasema moyoni, lakini nikasikia sauti dirishani, ya chini.

"Dada, uwe salama."

Sikufumbua macho.

"Uwe na afya."

Linalofuata ni amani. Tukalisubiri, chumba kizima. Nilimsikia akivuta pumzi, akaishika, akaiachia bila neno.

"Hapana," akasema. "Hilo bado."

Akainuka, akachukua viatu vyake na mkoba kwa mkono wa kushoto. Nilitaka nimkimbilie, nimfungulie, nimbebee, kama nilivyozoea tangu mama afe. Nikashika kiti kwa mikono yote miwili nikabaki nimekaa. Mlango wa chumba kile una kitasa kigumu cha kuzungusha. Alihangaika nacho kwa muda, kwa vile vidole vitatu, kikazunguka, akatoka.